Pipa la Buluu Mlangoni pa Narelle

Meliame alikuwa muosha vichwa katika saluni ya Narelle, kwenye mji wa mashamba ya zabibu kando ya mto Murray. Kwao, visiwani Tonga, kichwa cha mkubwa hakichezewi. Tangu azaliwe hakuwahi kugusa kichwa cha baba yake. Hapa aliosha vichwa ishirini kwa siku, huku binti yake Heilala, wa miezi minane, akilala kwenye kigari chumba cha nyuma, karibu na mashine ya kukaushia taulo, maana mvumo wake ulimbembeleza kuliko wimbo.

Jumapili kimbunga kilipiga kisiwa alikozaliwa. Mama yake alikuwa huko, na simu zikakatika. Jumatatu Watonga wa mji ule wakagawana mapipa ya buluu kanisani, kama wafanyavyo kila kukitokea neno kwao: kila nyumba ijaze lake nyama ya kopo, unga, sabuni, misumari. Ijumaa saa kumi na moja jioni lori lingepita kuyakusanya, kontena lifungwe. La Meliame, kwa jasho lake na la mumewe aliyekuwa akikata zabibu, lilijaa hadi magotini, likakomea hapo. Akamwomba Narelle ruhusa ya kuliweka saluni.

"Weka tu, mpenzi," alisema Narelle. "Ila lisinizibie mlango."

Akabandika karatasi: KWA WALIOPIGWA NA KIMBUNGA. Hadi Jumanne jioni pipa lilikuwa limepata vikombe viwili vya kahawa, vitupu.

Wiki hiyo watu walikuwa na msiba mwingine. Brodie, mcheza mpira, alikuwa amemwacha Tahlia siku tisa baada ya harusi yao kuonyeshwa kwenye televisheni. Redio ilipoanza kusoma habari za kimbunga, Narelle alinyoosha mkono akahamisha stesheni, bila ubaya wowote, kama mtu anayefukuza nzi.

"Maskini mtoto wa watu," alisema Doreen, bibi wa miaka sabini na mbili, akifuta machozi ya kweli. "Gauni lenyewe halijaenda hata kwa dobi!"

Asiyekuwapo na lake halipo, Meliame aliwaza. Lakini hakuwaona wabaya. Roho walikuwa nazo, na walikuwa wakilia mbele yake. Walimlilia wanayemjua sura, basi.

Jumatano, akimwosha Doreen, akagundua jambo ambalo mikono yake ilikuwa ikilijua siku nyingi. Mtu akilazwa kichwa sinkini, mikono iko chini ya kitambaa. Hashiki simu wala gazeti. Anatazama dari. Kilichobaki ni masikio.

"Mama yangu ana kuku mwekundu," Meliame akaanza. "Analala naye kitandani."

"Kitandani? Usinitanie!"

"Baba alipofariki, kuku akapanda upande wake. Mama akasema, muacheni, huyu angalau hakoromi."

Doreen alicheka hadi maji yakamwingia sikioni. "Sasa wako wapi?"

"Sijui, Bibi Doreen. Tangu Jumapili simu haiiti."

Akamfunga taulo.

"Bibi tena!" Narelle akadakia. "Utanifukuzia wateja. Muite Doreen."

"Mwache," alisema Doreen. "Kuku gani huyo, hebu rudia."

Tangu hapo kila kichwa kilipata kipande chake: mama anavyosuka mikeka, mama alivyomfukuza mhubiri kwa ufagio. Kufika Alhamisi wanawake walikuwa wakiuliza mlangoni, "Mama kapatikana?" kabla hata ya kumuulizia Tahlia. Makopo yakaanza kulia ndani ya pipa. Likafika kiunoni.

Ijumaa saa nne asubuhi binamu yake akapiga. Mama mzima. Nyumba haina paa, wanalala kanisani. Meliame alilia amemkumbatia Heilala, kisha akanawa uso, maana Doreen alikuwa ameshaingia na mfuko mzito wa makopo, akitaka nywele tena; mjukuu wake alikuwa anaolewa kesho yake.

"Haya niambie," alisema Doreen, kichwa sinkini. "Wamempata?"

Maji ya moto yalikuwa yakitiririka. Angeweza kusema bado. Ilibaki mchana mmoja tu, na pipa lilikuwa nusu. Lakini kumficha mama aliye hai, hata kwa saa saba, kulimwogopesha kama kumtakia mabaya.

"Wamempata. Mzima."

"Na kuku?"

"Na kuku."

Doreen alipiga makofi chini ya kitambaa, saluni nzima ikaitikia. "Nilijua tu! Narelle, si nilikwambia itaisha vizuri?"

Nywele zikatengenezwa. Mazungumzo yakarudi kwa Tahlia, aliyeonekana ufukweni na daktari. Doreen akalipa, akambusu Meliame, akachukua mfuko wake, akatoka. Makopo yaligongana hadi nje.

Kwa Meliame, kumwomba mtu kitu uso kwa uso ilikuwa aibu inayochoma masikio. Alisimama kidogo. Kisha akakimbia, mikono ina povu, akamkuta anafungua gari.

"Bibi Doreen, mfuko."

"Nimesahau kitu, mwanangu?"

"Hujasahau. Umeuchukua. Ulikuwa wa pipa."

Doreen aliutazama mfuko kana kwamba umepandikizwa mkononi mwake. "Lakini mama si amepatikana?"

"Amepatikana. Yuko kanisani na watu mia mbili na sufuria tatu."

"Mbona hukusema?"

"Ulikuwa unapiga makofi."

Uso ulimwiva Doreen. Akatoa mfuko, akafungua buti, akavuta blanketi. "Chukua na hili. La mbwa, lakini limefuliwa." Halafu, kwa sauti ndogo: "Huyo kuku ana jina?"

"Hana."

"Mwambie mama amwite Tahlia. Naye kaponea chupuchupu."

Meliame hakutaka kucheka, akacheka.

Saa kumi na moja kasoro, pipa lilikuwa limepungukiwa shubiri mbili. Akaongeza nguo za Heilala zilizombana, na taulo kuukuu alizopewa na Narelle bila kuomba. Juu ya vyote akatandika blanketi la mbwa, akalikanyagia ndani kwa miguu yote miwili, na wanaume wawili wa lori wakapigilia kifuniko.