Bibi aliyeimba jina la kaka yangu, huko nyuma ya milima ya Bunda

Wakuu, salaam kwenu nyote.

Mimi humu ni msomaji tu, sichangiagi. Ila juzi kuna mdau aliuliza kama wamisionari waliwahi kukutana na mambo yasiyoelezeka vijijini, nikaona nitoe hii. Umri umeenda, sina wa kumfurahisha kwa uongo.

Ni kipindi kile nchi imetoka kwenye foleni za sukari na sabuni, ruksa ya biashara imeanza, mitumba imejaa Musoma. Mimi nilikuwaga mwinjilisti, kijana wa Kijita kutoka Bukima. Nilifanya kazi na mmisionari mmoja mzungu, Mchungaji Anders, mwenye Land Rover iliyosukumwa kuliko ilivyoendeshwa.

Tulipangiwa kijiji cha wafugaji nyuma ya milima, mbele ya Bunda. Gari inaishia mtoni, mnatembea.

Wale watu walikuwa wa mila hasa. Walitupa maziwa, wakatusikiliza vizuri, wakatuaga. Miezi ikapita, hakuna hata mmoja aliyebatizwa.

Mchungaji akaja na wazo: turekodi nyimbo zao, tuzitungie maneno ya injili. Akatafuta redio kaseti ya betri. Tukaelekezwa kwa Bibi Wegesa, mjane, ndiye aliyekuwa akiimba kwenye misiba yote ya pale.

Tulimkuta uani kwake asubuhi, jua limeshapanda. Akaimba za mavuno, akaimba za harusi. Mchungaji akaomba na wa msiba.

Bibi akakataa. Alisema ule hauimbwi hivi hivi, lazima uwe na mwenyewe, yaani marehemu.

Tukadhani yameisha, Mchungaji akawa anafunga begi. Mara bibi akageuza uso upande wa Butiama, akafumba macho, akaanza kuimba bila kuombwa tena. Mchungaji akawahi kubonyeza kaseti.

Lugha yao nilikuwa naisikia kiasi. Katikati ya wimbo nikasikia: Masatu, mwana wa Nyangeta.

Wakuu, Masatu ni kaka yangu. Nyangeta ni mama yetu mzazi.

Masatu wako wengi kwetu Majita, najua. Lakini Masatu wa Nyangeta? Pale hakuna aliyejua kwetu. Hata Mchungaji alikuwa hajui jina la mama yangu.

Nilimuuliza bibi huyo ni nani. Akasema hamjui. Akaomba maji.

Tulipofika Bunda jioni ile, shemeji yangu alikuwa ananisubiri kanisani, amekaa kwenye ngazi na vumbi mwili mzima. Kaka yangu alikuwa ameacha pamba akaenda kuchimba dhahabu Buhemba, upande ule ule wa Butiama. Shimo lilikuwa limewafukia yeye na wenzake. Nikauliza saa ngapi. Akasema asubuhi hiyo hiyo, jua limeshapanda.

Baada ya mazishi nilimwambia Mchungaji nilichosikia. Akasema kwa upole kwamba huzuni inachanganya kumbukumbu. Akaweka kaseti, ofisini kwake Musoma, mchana kweupe, dirisha liko wazi.

Jina likatoka, wazi kabisa.

Akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Akavua miwani. "Hili sikufundishwa," akasema. Akapendekeza tuombe. Tukainamisha vichwa, na hakuna aliyeanza.

Sasa habari ikavuja, ikafika Bukima. Baba mdogo na vijana wa ukoo wakaanza kunoa mapanga. Kwao ilikuwa wazi, yule bibi ni mchawi, kamuua Masatu. Na wenyeji wa Mara mnajua mambo haya yalikuwa yanaishaje. Niliwasihi waniache nitangulie. Honestly, hata mimi nilikuwa na hasira.

Nilimkuta bibi anapepeta ulezi. Hakushtuka. Akanipa kigoda.

Alisema majina ya watu wa kufa humjia tangu akiwa msichana, na la kwanza lilikuwa la mama yake. Yeye hamrogi mtu wala hajui yanatoka wapi. Asipoliimba jina, linamkaa kooni, hata uji haupiti.

Kisha akaniangalia. "Mjukuu wangu, niliwapokea ninyi na kitabu chenu kwa sababu moja tu. Nilidhani Mungu wenu atayanyamazisha."

Hasira yote iliniisha pale pale. Nilikuwa nimekaa na mtu anayeogopa kuliko mimi.

Nyumbani nikaeleza. Baba mdogo hakutaka kusikia. Aliyemaliza ni mama. Akasema, "Huyo alimlilia mwanangu kabla yangu. Mwacheni."

Mapanga yakarudi ndani.

Bibi Wegesa akawa wa kwanza kubatizwa pale kijijini, na wengine wakafuata. Tukajenga kanisa la udongo na mabati.

Mtauliza, majina yaliisha?

Aliacha kuimba. Ila Jumapili nyingine, ibada ikiendelea, alikuwa anainuka upande wa wanawake, anaenda kukaa karibu na mtu fulani, anamshika mkono mpaka mwisho. Mwanzoni tuliona ni upendo wa uzee.

Baadaye tukaelewa: aliyeshikwa hakuiona Jumapili iliyofuata.

Ikawa akiinuka tu, kanisa zima kimya, watoto hadi wanaacha kulia. Lakini sikuwahi kuona mtu akiuvuta mkono wake. Walikuwa wanatoka hapo wanaenda kupatana na majirani, wanaita watoto wao waje nyumbani.

Jumapili yangu ya mwisho kabla ya uhamisho, nikiwa nahubiri, bibi akainuka. Akaja mbele, moja kwa moja kwangu. Mstari niliokuwa nausoma ulipotea kichwani.

Akanipita. Akakaa peke yake kwenye benchi tupu la mbele, akachukua mkono wake wa kulia akaushika kwa wa kushoto. Akakaa hivyo mpaka baraka.

Tulimzika wiki ile ile.

Somo nililobaki nalo: tulienda kule tukidhani tunawapelekea watu majibu. Yule bibi alitukaribisha akiwa na swali, na mpaka leo sijui kama tulimjibu.

Wachungaji mliomo humu, na wenyeji wa Bunda mliosikia habari zake, semeni mnavyoona. Wa kubeza nao wapite tu, benchi ni refu.