Karatasi Kabla ya Pete

Nilimwambia mchumba wangu waziwazi, tumesimama mlangoni pa kibanda changu cha ushonaji hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda: bila karatasi ya mwanasheria, pete sivai. Akacheka, akadhani natania. Mimi? Cherehani tatu nilizozitolea jasho nikiwa mjane, nitanie?

Ndoa ya kwanza niliifunga kule kwetu Kongo, Kivu Kusini. Afisa wa komini, ofisi ya serikali inayofungisha ndoa, alituuliza: mali iwe ya pamoja, ao kila mutu na yake? Marehemu akajibu kwa niaba yetu wawili, "Ya pamoja!" Watu wakapiga vigelegele, nami nikatabasamu kama mjinga. Alikuwa mume mwema, sina neno juu yake. Lakini tulipomzika, hata matanga hayajaisha, ndugu zake wakabeba kila kitu, mpaka sufuria yenye maharage jikoni. "Ni mali ya kaka yetu," wakasema. Nikabaki na watoto wawili na vitenge vyangu.

Wamama wa kanisa wakanisema mingi. "Unaandika talaka kabla ya ndoa!" Aah, wapi! Si wao wanaolisha watoto wangu.

Basi tukaenda Mbarara, kwa mwanasheria mmoja mtaa wa Ruti, mama wa Kinyankole mwenye Kiswahili cha kuokota. "Kila mutu aseme mali yake ya mbele ya ndoa." Nikataja cherehani, na kiwanja changu cha kambini. Kiwanja akakikataa: "Hiyo ni ya serikali, mama. Walikupa ya kulima tu." Mchumba wangu, Mrundi anayelima maharage, akataja baiskeli. Basi. Ikaandikwa peke yake upande wake, nikamwona anainamisha macho. Moyo uliniuma, lakini sikurudi nyuma.

Mchumba akasoma karatasi mara mbili, akaweka kalamu chini. "Leo sisaini."

Jamani, hasira niliyokuwa nayo! Nikajiambia yamekwisha, kitambaa cha gauni langu nitamshonea mteja. Na nilimpenda, nisifiche. Nilishona huku nalia.

Wiki iliyofuata akanipigia simu: njoo kwa mwanasheria. Nikamkuta ameketi na kaka yake mkubwa, aliyemfuata kijijini Ngarama akamleta, mwanaume wa kufoka ambaye hata salamu yake inanitisha.

"Karatasi yako inanifunga mimi tu," mchumba akaniambia. "Mimi sina shida nayo. Lakini siku nikifa, huyu ndiye atakuja kubeba mashine. Basi na yeye asaini."

Mwanasheria akaongeza mstari: wala ndugu wa mume hawatadai mali ya mke. Kaka mtu akanung'unika kwa Kirundi, akatukazia macho mmoja mmoja. Mdogo wake hakuondoa mkono wake juu ya karatasi. Mwishowe yule kaka akasaini, akikandamiza kalamu mpaka karatasi ikachanika kidogo. Mchumba wangu akasaini chini yake, akanisogezea kalamu, akasema, "Sasa wewe, mke wangu."