Dakika Kumi na Tano za Baba

Mwalimu wa historia wa binti yangu alimpa baba dakika kumi na tano. Nilimkumbusha baba mara tatu: kumi na tano pamoja na tafsiri yangu, kwa hiyo zako ni saba na nusu. Akaniambia yeye amesimama kwenye harusi na misiba tangu sijazaliwa, nisimfundishe kuongea.

Alikuwa amekuja kututembelea Hayes, pembezoni mwa London, na Jumamosi ya wiki ile alikuwa anarudi Tanzania. Ana miaka themanini na kitu, magoti yamekwisha, na alishasema hapandi tena ndege. Binti yangu alikuwa anasoma jinsi Marekani na wenzake walivyohangaika, baada ya vita vikuu vya pili, kuuzuia ukomunisti usienee duniani. Kitabu chake kilikuwa na ramani: nchi nyekundu, nchi za bluu, na yetu ina michirizi kama pundamilia. Baba aliitazama ramani ile jikoni kwangu mpaka chai yake ikapoa, kisha akasema ana jambo la kuwaambia watoto wa darasa hilo. Binti ndiye aliyekwenda kumwombea nafasi.

Jambo lenyewe nalijua. Miaka ya sitini, baba akiwa kijana, Wajerumani wa Magharibi walikuwa wakimfundisha ufundi wa ndege. Serikali yetu ikawaruhusu Wajerumani wa Mashariki, wale wakomunisti, nao wawe na ofisi Dar es Salaam. Wa Magharibi wakanuna, wakafungasha. Asubuhi moja baba na wenzake walikuta injini imefunguliwa mezani, vipande vimepangwa juu ya kitambaa, na mkufunzi hayupo. Walimngoja hadi mchana. Hakuna hata mmoja aliyekuwa amefundishwa namna ya kuifunga. Baba akaishia kutengeneza pampu za maji maisha yake yote, naye ukomunisti hata hajui unafananaje. Ni mzee wa kanisa. Alichotaka watoto wale wajue ni kwamba waliozuiwa siku ile ni vijana wachache wenye spana mkononi.

Na tafadhali, mtu asiniletee habari za tembo wakipigana zinaumia nyasi. Baba hakuwa nyasi. Alikuwa mwanafunzi aliyekatishwa masomo.

Basi nikaomba ruhusa ghalani ninakofanya kazi. Baba akavaa suti yake ya kijivu, ile ya Pasaka, na tukafika shuleni nusu saa kabla. Mwalimu, kijana mpole mwenye shati lililokunjwa mikono, akatukaribisha, akatazama saa ya ukutani, akakaa pembeni.

Baba akafunga vifungo vya koti. Akamsalimu mwalimu. Akamsalimu mwalimu mkuu, ambaye hakuwepo. Akawasalimu wanafunzi, wazazi wao na walezi wao. Akaleta salamu kutoka kwa majirani zake, kutoka kwa kwaya, kutoka kwa mwenyekiti wa mtaa. Akaomba radhi kwa kutofika siku za nyuma. Akasema mgeni njoo mwenyeji apone, na mimi nikapoteza dakika nzima kuwaeleza watoto wa London kwa nini mgeni amponye mtu ambaye haumwi. Kisha akaanza kunitambulisha mimi, kwa ukoo.

Nilimkasirikia. Nilimkasirikia na mwalimu pia, kwa sababu historia ya miaka sitini hupimi kwa dakika kama yai la kuchemsha. Binti yangu, anayekielewa Kiswahili chote lakini anajibu kwa Kiingereza tu, aliniashiria kwa macho kwamba nimkatishe. Ningeweza. Mkalimani ana nguvu kuliko msemaji. Ningesema tu, anawashukuru wote, na kumsukuma mbele. Lakini nimelelewa kwamba mtu mzima anayesalimu hakatizwi, na nikatafsiri kila neno, hadi mwenyekiti wa mtaa.

Nikamnong'oneza, "Baba, muda."

"Ndiyo nafika, mama. Huwezi kuingia nyumba ya watu ukaanza kulalamika."

Akanyoosha mkono kuelekea ramani iliyokuwa ukutani. Sauti yake ikabadilika. Nikajua sasa ndipo.

"Wanangu, asubuhi ile tulikuta injini iko mezani."

Nikatafsiri. Msichana wa mbele aliinua kichwa, kwa mara ya kwanza alikuwa anasikiliza. Kengele ikalia.

Wakasimama wote kwa pamoja. Viti vikaburuzwa, mabegi yakapanda mabegani. Mwalimu alikuja na tabasamu la kuomba radhi, akasema asante sana, ilikuwa nzuri sana, labda mzee aiandike halafu sisi tuitume.

Baba hakumsikia. Alikuwa anawatazama watoto, uso umechangamka. Kwetu darasa husimama kumpa mgeni heshima, na hubaki limesimama mpaka mgeni mwenyewe aseme. Akainua mikono yote miwili, akaishusha taratibu.

"Kaeni, wanangu," alisema. "Kaeni, niwaambie."

Walikuwa wanatoka. Kiingereza cha kuwaambia nilikuwa nacho. Nilifungua mdomo, nikamwona mwalimu ameshika mlango, nikafumba mdomo.

Baba aliendelea kungoja wakae.