Majibu Hutofautiana

Afisa wa uhamiaji alipouliza swali la kumi, la mwisho, Mukandayisenga alishusha pumzi, maana hili alilijua. Matano alikuwa ameyapata, manne yamempiga chenga, na kufaulu kulitaka sita. Akilikosa hili, uraia ungesogea mbele tena, na bila uraia hangeweza kumwombea kibali cha kuja Marekani mama yake, aliyebaki katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu.

"Mbunge wa eneo lako ni nani?"

"Majibu hutofautiana," akasema kwa Kiingereza kilichonyooka.

Ndivyo jibu lilivyoandikwa kwenye orodha ya maswali ya historia na serikali ya Marekani, ambayo Mwalimu Onesphore aliitumia kumfundisha yeye na wenzake kanisani kila Jumamosi. Onesphore alikuwa amefundisha shule kwao Uvira miaka ishirini. Kwake jibu ni kitu cha kukariri.

"Mwalimu, hili nalo ni jibu?" Mukandayisenga aliwahi kumuuliza.

"Mama, ni wewe uliandika ile katiba? Shika vile vile, usitie chumvi yako."

Darasa lilicheka. Akalishika, akilisikiliza simuni huku akikunja mashuka ya hospitali kule Coon Rapids.

Afisa naye alicheka, kisha akajizuia. "Kweli, hutofautiana. Lakini kwako wewe, unayekaa mji wa Blaine?"

Kichwa chake kikawa kama nyumba iliyohamwa. Nchi gani hii, inakupa jibu halafu inakuuliza lako ni lipi? Akatafuta jina, asilipate. Alichokiona ni barabara ya kwao mwezi ule wa uchaguzi: mabango mawili ya wagombea ubunge yamechomekwa kwenye nyasi za majirani wawili, kila moja na jina lake. Moja jipya, linang'aa. La pili limepauka, pembe zake zimeliwa na theluji za miaka.

Anayetafuta kazi ndiye huvaa shati jipya, akawaza. Akataja jina la bango lililopauka, kwa sauti ya mtu anayeuliza.

Kalamu ikaandika. "Hongera. Umefaulu."

Onesphore alikuwa akimngoja garini. "Swali la mbunge lilikuja?"

"Lilikuja. Jibu lako wamelikataa, mwalimu."

"Wamelikataa? Mimi mwaka juzi nililisema hilo hilo, nikapita!"

Gari lilikuwa bado halijawashwa. Mukandayisenga akapiga simu kambini. Mama yake angefurahi, halafu angeuliza, kama kawaida yake, ni jambo gani hasa alilolijua hata wakamkubali. Simu iliita. Alikuwa bado anatafuta la kumwambia.