Susu Alipouliza Njia ya Kithitu

Nilipokuwa mtoto kule Mwala, kuna wiki moja niliyojua kwa hakika kwamba ningekufa kabla ya Jumapili.

Kosa lilikuwa langu. Nilimwacha mbuzi bila kumfunga nikaenda kucheza, na maziwa ya mbuzi huyo ndiyo yaliyokuwa yakimlea mdogo wangu. Mbuzi alipokosekana nilimtazama nyanya yetu, Susu, machoni. "Nilimfunga, Susu. Ameibwa." Uongo ulinitoka bila kigugumizi.

Kesho yake Susu alishuka mtoni, pale wanawake wanapochimba maji mchangani, nami nyuma na dumu langu. Akamwendea Mama Nduku, mama ambaye siri haikulala kwake hata usiku mmoja. "Siku hizi mwenye kithitu anakaa upande gani? Niko na neno la mbuzi."

Basi, hakuongeza kitu. Kithitu, kwetu Ukambani, ni kiapo kinachoua: aliyesema uongo hufa, na pengine jamaa zake humfuata. Dumu lilinishinda kubeba. Kufikia jioni nilikuwa na homa, homa ya kweli, na chakula hakipiti.

Siku ya tatu tulimkuta mbuzi mlangoni, amefungwa kwa kamba mpya tusiyoijua. Nikaangua kilio. "Susu, mimi sikumfunga! Ambia kithitu kiniache!"

Alinigusa paji la uso. "Kithitu gani? Mimi ni mtu wa kanisa, sijaenda mahali. Niliuliza njia tu."

Homa ilishuka kabla uji haujapoa.

Leo mimi ni mwanasaikolojia. Nachunguza jinsi watu wanavyoshawishiwa: propaganda za kampeni, uvumi unaosambaa kwenye simu. Miaka yote hii sijakutana na maneno yaliyonistaajabisha kama yale. Swali moja, lisilo na uongo ndani yake, lilirudisha mbuzi na kuuchemsha mwili wa mtoto. Swali kama hilo naliogopa pia. Susu alitaka mbuzi tu. Wapo wanaouliza hivyo wakitaka jirani ahame.

Mwaka jana wazee walinitaka niape kwa kithitu kuhusu mpaka wa shamba letu. Ukweli wote ulikuwa upande wangu, na nilikataa. Wanafunzi wangu waliposikia walicheka sana, profesa mzima! Wakaniuliza kama naamini. Nikawaeleza kithitu kinavyofanya kazi akilini, hatua kwa hatua. Hilo silo walilokuwa wameniuliza, na sote tulijua.