Mama Asiyepewa Wimbo

Mwaka wa pili wa masomo yangu hapa Guangzhou, mwalimu wa uhakiki wa filamu alitupa kazi: tutazame filamu moja ya Uingereza kuhusu vijana wauza unga kwenye maghorofa ya maskini, tusome wahakiki walisemaje, kisha kila mmoja aandike tathmini yake. Filamu ilikuwa ya uhalifu, lakini wahusika walikuwa wakifika kwenye jambo zito wanafoka mashairi ya hip-hop badala ya kuzungumza.

Wahakiki waligawanyika. Wengine waliisifu kwa ukweli na nguvu zake. Wengine walilalamika kuwa imerundika mateso mpaka mtazamaji anachoka. Mimi niliegemea upande wa sifa. Niliandika kurasa tatu kwa kujiamini, na Uingereza sijawahi kukanyaga.

Jumamosi nilikwenda mtaa wa Dengfeng, hapa hapa mjini, kwa mama mmoja wa Kizanzibari anayesafirisha nguo za kike. Kabla ya China aliishi Birmingham, huko huko Uingereza, miaka mingi. Nilimwomba aitazame nami, nikitaraji ataniunga mkono. Tuliweka kompyuta juu ya robota la nguo, yeye akaendelea kukunja madira.

Mwanzoni alicheka. "Wanavyofoka hawa! Utadhani wanagombania chapati."

Ikaja sehemu polisi wanamkamata kijana, mama yake anapiga mayowe ngazini.

"Simamisha, mwanangu," akasema.

Nikasimamisha. Dira alilokuwa akikunja akaliweka mapajani.

"Wangu walimchukua hivi hivi."

Nilimjua mwaka mzima, sikujua kama ana mtoto wa kiume. Nikamuuliza, kwa ujinga wangu, kama naye alipiga mayowe.

"Wala. Nilimuuliza polisi kama naweza kumpa koti. Ilikuwa baridi."

"Wakakubali?"

"Mmoja alikubali. Lakini mikono imeshafungwa, haiingii. Nikamtandikia mabegani tu."

Nikauliza, "Kwa hiyo filamu inadanganya?"

"Sijasema hivyo. Nyimbo ni za kweli. Wangu akifoka vile vile bafuni, majirani wakigonga ukuta. Ila huyo mama hawakumpa wimbo. Kila mtu kaimba, hata muuza unga. Yeye kapewa mayowe."

Hatukuendelea nayo siku ile. Nilirudi bwenini nikaiangalia tena yote. Kweli. Nikapitia na zile tathmini zote nilizokusanya. Hakuna hata moja iliyoligusa hilo. Nilifuta kurasa zangu nikaanza upya. Habari ya koti sikuiandika. Ruhusa ya kuisimulia alinipa mwaka huu, mwanawe alipotoka gerezani.

Darasani niliisoma kwa sauti. Mwalimu alisema hoja ni nzuri lakini nimewapuuza wahakiki, akanipa alama za wastani. Msichana wa Kichina aliyekaa mbele akageuka kuniuliza, "Nani alikuonyesha hilo?"

"Mama mmoja muuza nguo," nikajibu.

Akaliandika kwenye daftari lake. Mwalimu naye akauliza kama mama huyo angekubali kuja kuzungumza nasi.

Nilimfikishia mwaliko. Alikataa katakata, siku ya darasa alikuwa na mzigo wa kupokea kwenye soko la nguo la Zhanqian. Lakini aliniambia nirudi na kompyuta, tumalizie nusu iliyobaki. Tuliimaliza wiki iliyofuata, na mwisho wake haukumpendeza hata kidogo: yule mama hakupewa wimbo hata hapo.