Pakiti ya Kijani kwenye Bwawa la Huo-tu

Jumapili, tarehe 10 Machi 2019, Tseng Pi-yun alitumia saa saba na dakika ishirini kuwasha taa moja isiyozidi punje ya mchele. Alianza saa mbili na nusu asubuhi kwenye meza ya jikoni kwa mama yake, katika kijiji cha pwani cha Chiku, akamaliza saa kumi kasoro dakika kumi. Saa mbili zilikwenda katika kuiwekea kompyuta programu ya kuandikia maagizo. Dakika arobaini zilikuwa za uji wa samaki, ambao mama yake hakukubali uliwe na mtu aliyeinamia kazi. Saa moja na nusu ilikuwa ya kuandika mistari sita, kuifuta, na kuiandika tena. Saa tatu na dakika kumi zilizobaki zilipotelea kwenye waya.

Waya wenyewe ulikuwa wa kuchajia simu, aliouokota kwenye droo. Ubao mdogo wa saketi uliupokea umeme bila kinyongo, lakini kila alipoutumia maagizo kutoka kwenye kompyuta, ulikaa kimya kama mgeni asiyejua lugha ya wenyeji. Alipokata tamaa alichomeka waya mwingine, na hapo ndipo alipofahamu kuwa ule wa kwanza ulikuwa na nyuzi mbili tu ndani yake: umeme unapita, maneno hayapiti. Taa ya buluu ikawaka sekunde moja, ikazima sekunde moja, ikawaka tena.

Mama yake, Hsiu-man, alikuja kuichungulia akiwa na mwiko mkononi.

"Yaani tangu asubuhi, ni hako ka-taa?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi ya jikoni naiwasha kwa kidole kimoja."

"Hii inajiwasha yenyewe na kujizima yenyewe."

"Basi iambie na vyombo ijioshee," alisema Hsiu-man, akarudi kwenye sufuria yake. Hata hivyo, kabla jua halijatua, alikuwa amewaita majirani wawili waje kuiona.

Pi-yun alikuwa na umri wa miaka thelathini na mmoja, na mikono yake haikuwa migeni kwa kazi. Kwa miaka tisa alikuwa akitengeneza feni na majiko ya wali katika duka moja mjini Tainan, na lehemu yake ilikaa safi kama tone la umande. Lakini feni iliyoharibika humwonyesha fundi mahali inapoumwa: waya umeungua, au beringi imekwama. Ubao huu haukuwa na jeraha la kuonekana. Kosa lake, kama lipo, lilikuwa katika mawazo ya aliyeuandikia. Jambo hilo lilimtia hofu, na hofu hiyo ndiyo iliyompeleka kila Alhamisi kwenye darasa la jioni la chuo cha ufundi.

Hakwenda huko kwa kutafuta cheo. Alikwenda kwa sababu ya kikohozi cha baba yake.

Baba huyo, Huo-tu, alifuga samaki katika bwawa moja la maji ya chumvi. Katikati ya bwawa lilizunguka gurudumu la mapanga, likipiga maji usiku na mchana ili samaki wapate hewa. Miaka kumi na mmoja nyuma, gurudumu hilo lilisimama usiku mmoja pasipo mtu kujua, na asubuhi bwawa zima lilikuwa jeupe kwa matumbo ya samaki. Tangu hapo Huo-tu alihamishia kitanda chake katika kibanda cha mabati kando ya maji, na sikio lake halikulala tena. Likitulia gurudumu, huamka. Unyevu wa kibanda ulikuwa umemwingia kifuani. Daktari alikwisha kumwambia wazi kwamba akiendelea kulala pale, msimu wa baridi ujao atalala hospitali.

"Mimi ni mke mwenza wa samaki," Hsiu-man alizoea kusema. "Na wao ndio bibi mkubwa."

Hivyo nia ya Pi-yun ilikuwa moja: kutengeneza kifaa ambacho kitalisikiliza gurudumu badala ya baba yake. Sumaku ndogo ingebandikwa kwenye panga mojawapo. Kila sumaku ikipita, ubao ungehesabu mzunguko. Zikipita sekunde sitini bila mzunguko, ubao ungeipigia simu ya baba yake na ya Pi-yun mwenyewe.

Ilimchukua masika na kiangazi. Katika miezi hiyo alijifunza kwamba mashine haifanyi unachotaka, hufanya ulichosema. Katika darasa lile pia, juu ya kompyuta kuukuu ya mwalimu, ilikaa pakiti ya kijani ya vitafunio vya mahindi, ile ambayo jina lake ni neno la mama anapombembeleza mtoto atulie, ili mashine nayo itulie. Wanafunzi wote walijua masharti yake. Iwe ya kijani tu, rangi ya taa ya mashine iliyo salama. Isiliwe. Isiachwe hata siku moja baada ya tarehe yake kupita, la sivyo mashine itanuna. Pi-yun alilisimulia jambo hilo mezani nyumbani, akicheka.

"Kwa hiyo wasomi wazima wanaihonga mashine kwa bisi?" aliuliza Huo-tu.

"Baba, hata kwenye viwanda vikubwa wanaweka."

"Mimi gurudumu langu nalilisha grisi, na linanitosha. Hicho kidude chako kitakula nini?"

"Umeme kidogo tu."

"Nacho kisipolia? Samaki ndio watakaonipigia simu?"

Mwisho wa Septemba kifaa kilikamilika. Jumapili moja Pi-yun alikifunga ndani ya boksi la plastiki kwenye nguzo ya bwawa, antena yake nyembamba ikiwa imesimama ndani kama unyoya. Mtandao pale ulikuwa hafifu, lakini ulitosha. Wakazima gurudumu, na baada ya dakika moja simu zote mbili zikalia. Huo-tu aliitazama simu yake kwa muda bila kuipokea.

"Sawa," alisema. "Leo imelia kwa sababu wewe uko hapa, imekuogopa. Wiki hii nitazima mwenyewe, mchana, bila kukuambia. Ikilia mara tatu, nalala nyumbani. Ikikosa hata mara moja, kitanda changu msikiguse tena, wewe na mama yako."

"Tumekubaliana, baba."

Jumanne, Pi-yun alipokuwa dukani, akiwa amefungua jiko la wali la mteja, Hsiu-man alimpigia. Sauti yake haikuwa na utani.

"Baba yako alizima saa nne. Alikaa na simu kwenye goti. Haijalia."

"Haijalia kabisa?"

"Haijalia, mwanangu. Amewasha tena gurudumu, akaenda kulala kibandani mchana kweupe."

Pi-yun hakuweza kufika Chiku kabla ya Jumapili. Kila jioni ya wiki ile alisoma maagizo yake mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta sindano ndani ya nguo aliyoishona mwenyewe. Hakuona kosa, na kutoliona kulimuumiza zaidi. Hata hivyo aliandika upya nusu ya programu nzima. Mwili wa baba yake ulikuwa umetegemea mistari ile, nayo ilikuwa imenyamaza.

Jumapili alikwenda moja kwa moja bwawani, kompyuta begani. Huo-tu alikuwa ng'ambo akirusha chakula cha samaki. Alimpungia mkono, hakuja. Pi-yun akafungua boksi.

Ndani mlikuwa na pakiti ya kijani.

Ilikuwa imekunjwa kwa uangalifu kuizunguka antena, ikafungwa kwa uzi wa nyavu mafundo mawili ili boksi likifunguliwa upepo usiitikise. Tarehe ilielekezwa juu, isomeke: ilibaki miezi minane. Pi-yun aliigusa. Tumbo la pakiti lilikuwa la karatasi inayong'aa kama fedha, ile ile ambayo mwalimu aliwahi kuwafungia simu zao kuwaonyesha jinsi mawimbi yanavyozibwa. Programu yake haikuwa na kosa. Ilikuwa imepiga kelele siku ile, ndani ya blanketi.

Alisimama pale, kifuniko mkononi. Duka lenye pakiti za kijani lilikuwa mbali, mwendo wa pikipiki hadi barabara kuu. Akilini alimwona baba yake mbele ya rafu, miwani ikiwa kwenye ncha ya pua, akizigeuza pakiti moja moja kutafuta ile ambayo tarehe yake iko mbali zaidi.

Huo-tu alifika akijifuta mikono kwenye suruali.

"Umeiona."

"Nimeiona, baba."

"Ni ya kijani. Sikuchukua ya njano."

"Umechagua vizuri sana." Pi-yun alitafuta maneno, akayapanga kabla ya kuyatoa. "Ila antena inataka kuona nje. Karatasi hii ya ndani imeifunika uso."

Kikohozi kilimjia Huo-tu, akakiacha kipite.

"Kwa hiyo ni mimi niliyeiziba mdomo."

"Baba—"

"Nilisema isije ikakuaibisha," alisema, akiliangalia gurudumu. "Umeihangaikia tangu Machi. Nikasema, kama mashine zao zinataka bisi, basi na ya mwanangu ipewe."

Pi-yun aliinama, akaanza kufungua fundo. Lilimchukua muda, kwa kuwa macho yake hayakuwa yakiona vizuri. Kisha aliifunga pakiti kwa uzi ule ule upande wa chini wa nguzo, chini ya boksi, mahali ambapo ingekitazama kifaa bila kukigusa.

"Hapo je?" aliuliza.

"Isogeze kushoto. Jua litaila rangi."

Akaisogeza. Huo-tu mwenyewe alizima gurudumu, na dakika moja baadaye simu mfukoni mwake ikalia. Siku ya Jumatano alilizima akavuka kwa jirani, nayo ikalia akiwa shambani huko, na Ijumaa ikalia Hsiu-man akiwa ameishika, akaipokea na kuiambia mashine kwamba mume wake amekwenda kuchukua godoro.

Mwaka mmoja baadaye kitanda cha kibandani kilikuwa kimepangwa magunia ya chakula cha samaki. Gurudumu lilikuwa limesimama usiku mara mbili; mara zote mbili Huo-tu hakuisikia simu, akaamshwa kwa kiwiko cha mkewe.